Koti la Gwakisa

Polisi walinirudishia koti la mwanangu Gwakisa ndani ya mfuko wa karatasi. Risasi ilimpata shingoni, nje ya duka la kona, kwa hiyo koti lilikuwa zima. Kola tu ndiyo iliyoganda damu, ngumu kama kadibodi.

"Mwaka huu ni kijana wa nne, mama," askari aliniambia, macho chini. Na mji wetu wenyewe, ukikohoa huku wanakusikia kule.

Siku ya kumaliza matanga, wifi yangu alikuja kutoka Silver Spring, mji mwingine wa huku Marekani. Alitandika mkeka sebuleni, akapanga nguo za marehemu za kugawia ndugu. Katikati aliacha nafasi ya koti.

"Wifi, lifue kwa maji baridi, litatakata. Mwanangu atalivaa. Damu haiwekwi ndani ya nyumba."

Hilo la maji baridi nalijua. Kazi yangu ni kutunza wazee, na mashuka yao yenye damu nayafua mimi. Maji baridi huitoa yote. Maji ya moto huipika ndani ya kitambaa, na hapo hata usugue vipi, haitoki tena.

Niliingia bafuni na koti, nikafunga mlango. Unywele wake mmoja ulikuwa umenasa kwenye kola.

"Wifi, umeanza?"

"Naanza."

Nikafungua bomba la maji ya moto, nikasubiri mpaka mvuke ukafunika kioo.