Midomo Yenye Pini

Jaji aliniuliza kama nataka rufaa ya baba iendelee, maana baba mwenyewe tulishamzika.

Wakili wetu alikuwa amemsomea jaji maneno ambayo mwendesha mashtaka alifungia kesi: "Mheshimiwa, tazama midomo yake. Ameibana tangu siku ya kwanza. Asiyeiba majora ya vitambaa vya watu angesema." Baba, alisema wakili, alifungwa kwa kunyamaza, si kwa ushahidi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Miaka arobaini alibana pini midomoni, akizitoa mojamoja na kuzichomeka kwenye pindo. Nilipokuwa mdogo nilisimama juu ya kigoda anipime sare ya shule, nikimkunjia uso ili acheke. Hakucheka, ila alinitekenya kwapani kwa ncha ya chaki.

"Wewe, mwache baba yako!" mama alifoka kutoka jikoni. "Akimeza pini, mimi sitafuti mume mwingine."

Pini zilipokwisha ndipo baba aliponiambia, "Haya mama, zunguka nikuone."

"Binti," jaji aliita tena, kwa upole. "Mzee ameshapumzika. Tuendelee, au tufunge jalada?"

Jalada likifungwa, baba angebaki mwizi.

Chumba kizima kilinigeukia. Mwendesha mashtaka, yuleyule, aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake akanitazama mdomoni. Ndipo nilipohisi kuwa nami nimeibana midomo, kama vile nimeshika pini.

Nikasimama, nikaifungua.