Popo Aliyeitwa Panya

Zama zile wanyama walipoanza kushika simu, Kunguru, mwenye mdomo mchafu, aliandika kwenye kundi la wote: "Popo si ndege. Ni panya aliyeiba mbawa!"

Vicheko vikamiminika. Popo akamkimbilia Kobe.

"Kuudhika ni hiari yako, mwanangu," alisema Kobe kutoka ndani ya gamba lake. "Tusi usipolipokea, litamrudia mwenyewe."

Tusi likazidi kusambaa. Popo akajikaza kutabasamu.

Mchana mmoja, amelala darini kichwa chini, akasikia kucha zikikwaruza boriti. Alikuwa Paka, akipanda polepole.

"Bwana Paka, ni mimi, Popo! Lile tusi hata halikuniudhi!"

"Wala mimi halikuniudhi," alisema Paka, akilamba midomo. "Mimi nililisoma tu, nikaliamini."