Pua ya Kiwanda

Siku waliyomzika mkewe, Enoch Tranter aliinamia maua juu ya jeneza, akavuta pumzi, asisikie harufu yoyote. Homa ilikuwa imewalaza wote watatu, yeye, mkewe na binti yao Keziah. Mama ilimchukua. Enoch ilimwachia uhai, ikaondoka na pua yake.

Na pua ndiyo iliyokuwa kazi yake. Siku hizo watu wa Birmingham waliiogopa gesi kama nyoka kitandani, na mzee Hadlow, mwenye kiwanda cha taa za gesi, aliwatuliza kwa neno moja: haitoki taa hapa kabla Enoch hajainusa. Kila taa ilifungwa kwenye bomba la gesi, Enoch akapitisha pua kiungo kwa kiungo, kisha akaipiga muhuri au akaikataa.

Asingekuwa na kazi, yangebaki makao ya maskini, ambako baba na binti hutenganishwa mlangoni.

Siri ya pua alimwambia Keziah peke yake. "Niombee kazi ya kung'arisha shaba, baba," akasema. "Nitakaa karibu nawe."

Tangu hapo alikaa ubavuni mwake, akiiinamia kila taa huku akiisugua. Goti lake likimgusa baba, taa inavuja. Lilimgusa kwa taa moja katika kila kumi, halizidishi wala halipunguzi, kama saa ya kanisani, na Enoch alimshukuru Mungu kwa pua ile. Mafundi hawakushuku kitu. "Mzee Pua," walimtania, "mabwana wakikujua watakununua kama mbwa, ukawawindie mbweha."

Majira ya kuchipua, duka la kinyozi mmoja lenye taa za Hadlow liliungua, yeye akiwa ndani. Kiwandani ikasemwa kwamba kinyozi alikuwa mlevi.

Kisha, Jumamosi moja, taa mia mbili zenye muhuri wa Enoch zilipakiwa kwenye mashua ya mfereji, kupelekwa hospitali mpya ya watoto.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, baba na binti walikuwa mezani, wakila mkate na jibini, jirani yao Bi Pitchford alipofungua mlango. Alirudi nyuma hatua mbili, akajiziba uso kwa aproni.

"Jamani, mnakulaje humu? Kuna panya kaoza chini ya sakafu yenu. Leo siku ya nne, mtaa mzima tumeziba pua."

Enoch alimgeukia bintiye.

Keziah alikuwa ameshusha macho kwenye sahani. Hospitali inawasha taa kesho.