Nguzo ya Asili

"Nguzo ya asili hiyo, dada. Ina miaka mia," alisema dalali, akiipapasa kama ng'ombe wa mnadani.

Ghala la kale lilikuwa limegeuzwa nyumba za kifahari, lakini mthamini aliyekuja kulikadiria bei hakuridhika. Akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama debe tupu.

"Hii ni gipsamu, haibebi kitu. Ya asili iko wapi?"

"Ilikuwa inaziba dirisha, tukaing'oa. Hii ni ya urembo tu."

Juu yao miguu ilipita mbio. Chembe za chokaa zikaidondokea fomu ya ukaguzi mkononi mwa mthamini. Hakuzipangusa.

"Huko juu anakaa nani?"

Dalali akacheka. "Ni kwangu. Hao wanangu hawajui kutembea."

"Waite washuke," alisema mthamini taratibu. "Ila waambie wasikimbie."