Mkono Mmoja Bwawani

Filimbi ilipolia, mikono ilinyanyuka bwawani miwili miwili kama ilivyotakiwa, isipokuwa mmoja.

Huo mmoja ulikuwa wa Kijino, binti wa miaka saba aliyepewa jina hilo na wenzake kwa ajili ya pengo lake la mbele. Alisimama maji yakimfika kifuani, mkono juu, vidole vimekunjwa. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Sheria ya kambi ile ya kanisa hata mwenye usingizi angeielewa. Mtoto haingii majini bila mwenzake. Filimbi ikilia, shikaneni mikono, nyanyueni, mhesabiwe. Aliyeitunga ni mwanamke aliyeajiriwa kulinda waogeleaji, ambaye tangu walipofika juzi watoto walikuwa wameshambatiza Shangazi Filimbi.

Asubuhi ile, kabla ya kuogelea kwa mara ya kwanza, alikuwa amemkaba Mchungaji mlangoni mwa bweni.

"Umewapanga wote?"

"Wote, dada. Kila mtoto ana mwenzake."

"Usinitanie. Wewe linda roho, mimi nalinda mapafu."

Mchungaji alicheka. "Wiki moja ya kambi, mtoto anapata chakula cha roho cha mwaka mzima. Utaona mwenyewe."

"Nitaona nini? Mimi hapa naona magoti yaliyochubuka na soksi zisizo na mwenyewe."

Maana alikuja kupuliza filimbi, hakuja kusali. Miaka kumi na miwili nyuma mdogo wake alizama, naye akapiga magoti ukingoni akaomba mpaka sauti ikamkauka. Walimtoa mtoto akiwa baridi. Tangu hapo yeye na Mungu walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kama majirani waliogombania mpaka.

"Tokeni! Wote nje!" alipaza sauti sasa, alipouona ule mkono mmoja.

Mpishi alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akawasukuma watoto ukingoni. "Nani hayupo? Semeni!" Watoto wakaangaliana. Hakuna aliyetaja mtu.

Shangazi Filimbi alikuwa ameshamfikia Kijino.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Tulikuwa wote."

"Wote wapi?"

Kidole kilichokunjamana kwa maji kikaelekea ng'ambo ya kamba nyekundu, pale bwawa linapoanza kuwa jeusi.

"Mlivuka kamba?"

"Sikuogopa, nilikuwa naye." Mdomo ukaanza kumcheza. "Halafu mguu haukugusa chini. Nikaogopa. Nikamsahau, nikarudi mwenyewe."

"Ukamwacha huko?"

Kijino aliinamisha kichwa.

Shangazi Filimbi hakuuliza mengine. Alimkabidhi mtoto kwa mpishi, akaruka kamba, akapiga mbizi.

Chini hakukuonekana kitu. Alipapasa matope kwa viganja, kama mtu anayetafuta sindano gizani. Magugu yalimzonga vifundoni. Alipanda, akavuta pumzi, akashuka tena. Mara hii vidole viligusa kitu kirefu, chembamba, chenye kuteleza, na moyo ukamlipuka. Alikivuta kwa nguvu zote. Kilikuwa tawi bovu.

Alipanda akikohoa. Ukingoni watoto wadogo walikuwa wameanza kulia, na mpishi alikuwa akimwita Mchungaji kwa sauti ya kupasua mawe. Dakika mbili zimekatika? Tatu? Alizijua hesabu hizo kuliko mtu yeyote pale. Baada ya nne, hata ukimpata, unampata nusu.

Akashuka mara ya tatu, zaidi ya pale mapafu yalipokubali. Na huko chini, masikio yakivuma, kitu alichokifungia miaka kumi na miwili kikafunguka chenyewe. Hakukipamba. *Yule ulimchukua, nikanyamaza. Huyu sinyamazi. Nipe huyu. Kama upo, nionyeshe alipo.*

Alikwenda huku na huku akisema moyoni hivyo hivyo, nipe, nionyeshe, nipe, mpaka vimulimuli vikamcheza machoni na mwili ukampandisha kwa nguvu bila ridhaa yake.

Alifika ukingoni akitambaa, akatapika maji, akamshika Kijino mabega mawili.

"Jina lake. Anaitwa nani? Nipe jina nimwite!"

"Shangazi, usirudi huko, utazama!" Kijino alilia, akimng'ang'ania shingoni. "Mchungaji alitupanga wawili wawili, mimi nikabaki. Ndiyo akaniambia mwenzangu ni Yesu."