Cha Kioo cha Samawati

Kisukari kilipompunguzia Shekue nguvu, kitanda chao kilinyamaza mwaka mzima, mpaka mkewe, Tabia, alipomshika mkono wakaingia duka la vifaa vya faragha. Alihofu mumewe angejiona ameachishwa kazi.

Lakini Shekue, fundi seremala kwa miaka thelathini, aliokota kifaa cha mpira akakipapasa kama anavyopapasa mbao, akamwambia muuzaji kijana:

"Hiki kina vitundu vidogo, mwanangu. Uchafu utajificha humo."

Muuzaji alicheka. "Kweli, baba. Chukua cha silikoni, ila usikipake mafuta ya kulainisha ya silikoni, yatakiharibu. Au hiki cha kioo: sabuni na maji ya vuguvugu, basi. Kikipata ufa tu, tupa."

Shekue akamgeukia Tabia. "Mama Zuhura, wewe unapenda kipi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Tabia swali hilo. Akainua macho kutoka sakafuni, akachagua cha kioo cha samawati.

Nyumbani Shekue alikiosha mwenyewe, akakiweka dirishani kikauke. Jua lilipokipiga, mwanga wa samawati ukacheza juu ya shuka, nao wawili wakaanza kucheka bila kutazamana.