Bakuli Kwenye Kiti cha Abiria

Shekue alijaza bakuli maji, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akalitoa gereji gari lake kuukuu la milango miwili. Kabla hajafika tuta la pili, kiti kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Hizo shokapu ni za mashindano," fundi Matano alimwambia aliporudi. "Kwenye kona huyumbi."

"Kona za nini, fundi? Nataka laini."

"Si wewe uliyekata springi ili gari lilale chini?"

Shekue akachukua kitambaa, akafuta kiti. Nyumbani mkewe, Zaituni, alikuwa kitandani na mimba ya tatu. Mbili zilikwishatoka, na daktari alikuwa ameonya kwamba akitikiswa njiani kwenda hospitali, hata hii itatoka. Gari la kumpeleka lilikuwa hilo hilo.

Matano akafunga springi ndefu na shokapu laini, za mwisho alizokuwa nazo. Shekue akatandika kanga kavu ya Zaituni kitini, akajaza bakuli tena. Alivuka matuta, akapita mashimo yote, macho mbele tu. Kisha akasimama, akapeleka mkono kitini, na vidole vikabaki hewani, juu ya kanga, asithubutu kuigusa kujua kama imelowa.